Sauti ya Lukasi Katika Nyumba ya Eda

Kuna watu Mungu amewapa mkono wa kupika, wengine mkono wa kupanda. Rozalia alipewa jicho la kujua mtu aangalie nini. Duka lake la kukodisha sidii lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga pale Likombe, makasha ya plastiki yamepangwa ukutani kutoka sakafuni hadi karibu na mabati. Wenzake katika biashara ile walimpa mteja chochote alichokinyooshea kidole, hata kama ni takataka. Yeye hapana. Alikuangalia kwanza usoni, akakuuliza umeamkaje na umegombana na nani, ndipo akanyoosha mkono kwenye rafu. Na mkono wenyewe haukwenda kwenye sinema za ngumi wala za mapenzi. Ulikwenda kwenye katuni za miujiza, zile ndefu zinazoendelea sehemu kwa sehemu mpaka mtu anaunguza mboga jikoni. Mwalimu mmoja mwenye vidonda vya tumbo alipewa ile ya paka wanaoendesha meli mawinguni, kwa kuwa haina kelele. Mama aliyekimbiwa na mumewe alipewa ya malkia anayewageuza waongo kuwa vyura, akajifungia nayo Jumamosi nzima, akatoka macho yamevimba lakini roho nyeupe. Ukimwambia Rozalia kwamba katuni ni za watoto, alikunyang'anya sidii mkononi na kukuonyesha mlango.

Tangu umeme wa gesi ya Mnazi Bay uanze kufika mjini, biashara ilikuwa imechangamka. Zamani umeme ulikatika katikati ya vita vya katuni na mteja akarudi kugombana kama vile Rozalia ndiye aliyeukata. Sasa mtu aliweza kuanza sehemu ya kwanza baada ya chai na kukuta jua linazama.

Mdomo alikuwa nao pia, tusimfiche. Alitoka Songea na mumewe Lukasi, kuli wa bandarini, na mtoto wao Goodluck, na miaka yote ya Mtwara haikumfundisha kumeza neno. Neno likimjia lilitoka, na lilitoka na miiba yake. Ndiyo maana yeye na Asia hawakuweza kukaa mtaa mmoja bila moto kuwaka.

Asia alikaanga samaki ng'ambo ya barabara. Alikuwa Mmakonde wa Likombe hapo hapo, mwenye sauti ya kuita watu upande wa pili wa bonde, na alikuwa ameamua kwamba katuni za Rozalia ni za mashetani. Alianzia bombani, mahali ambapo neno likitiwa asubuhi, jioni limefika Shangani. "Vile vidude vyenye mapembe ni majini kabisa, majini ya kuchora! Ntoto wa ntu anaota anafukuzwa na mijoka, anakojoa kitandani, nyie mnasema malaria!" Akina mama kadhaa wakawazuia watoto wao. Rozalia alipopata habari alivuka barabara kanga kiunoni, akamwambia Asia mbele ya wateja wake kwamba jini la Likombe ni moja tu, lile linalofufua samaki wa juzi kwenye mafuta ya mwaka jana. Tangu siku hiyo salamu yao ilikuwa kutema mate pembeni. Mmoja akifagia, vumbi alilielekeza kwa mwenzake. Walichukiana waziwazi, kwa bidii, kila siku ya Mungu.

Halafu Jafari akafa. Jafari alikuwa kaka yake Asia, tumbo moja, mpakiaji wa magari ya korosho. Gari lilipinduka njia ya Nanguruwe naye yuko juu ya magunia. Mkewe Mariamu, mwenye mtoto mmoja wa kike aitwaye Amina, akaingia eda katika nyumba yao, ya tatu kutoka dukani kwa Rozalia. Miezi minne na siku kumi, ndani, bila manukato, bila hina, bila kuonekana na mwanamume asiye maharimu wake.

Nyumba ile ndiyo iliyokuwa na maneno. Jafari na Mariamu waliijenga wenyewe, na Mariamu alibeba maji ya kufyatulia tofali akiwa na mimba ya Amina tumboni. Lakini kwa mila za Wamakonde, alichoacha mwanamume kinatazamwa na dada zake na watoto wa dada zake. Kwa dini, mjane na mtoto wana mafungu yao. Koo nyingi zimepasukia hapo katikati. Mwenye kauli alikuwa Mzee Athumani, mjomba wa marehemu, na siku ya arobaini alisimama mbele ya watu wote akasema: "Nke wa Jafari akitoka eda kwa heshima, nyumba hii anakaa yeye na ntoto wake. Haigawanywi, haiuzwi. Nshamaliza." Asia siku hiyo alikuwa ameshapima madirisha kwa mapazia. Alinyamaza, lakini mtaa mzima ulijua kilichobaki mkononi mwake: kuivizia heshima ya wifi yake. Akaanza kupita chini ya dirisha la Mariamu mara kwa mara, kana kwamba njia ya kwenda kila mahali ilikuwa pale.

Rozalia alikuwa akiingia kwa mjane, mwanamke kwa mwanamke, na alichokiona hakikumpendeza. Mariamu alikuwa hali chakula. Shangazi aliyeletwa kukaa naye alikuwa amerudi shamba, korosho zilikuwa zinaanguka na hakuna wa kuziokota. Mtoto alikuwa anachezea miguu ya mama yake kama anayechezea miguu ya kitanda. Televisheni ya Jafari na deki yake vilikuwa vimefunikwa kitambaa cheupe tangu siku ya mazishi.

"Mama Amina, unakufa nawe," Rozalia akamwambia.

"Mama Goodluck, niache."

"Sikuachi. Nitakuletea kitu uangalie."

"Mimi nina msiba. Niangalie katuni?"

"Mwenye msiba ndiye anayeangalia. Mwenye raha zake anakwenda ngomani."

Alichagua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumchagulia mtu. Alitoa makasha, akayarudisha. Ya wapiganaji wa upinde wa mvua hapana, ina mazishi mengi. Ya mapacha waliozaliwa na mwezi hapana, baba yao anarudi mwishoni, na baba yake Amina harudi. Mwisho mkono ukatua kwenye ile ya msichana ambaye kijiji chao kimemezwa na ziwa, naye anazunguka dunia mgongoni mwa joka mzee, akitafuta mlango wa kuingilia chini ya maji. Ilikuwa na sehemu zaidi ya hamsini. Tena ilikuwa na kitu ambacho nyingine nyingi hazikuwa nacho: sauti ya Lukasi.

Maana miezi michache iliyopita Lukasi alikuwa ameanza kazi ya pili. Akitoka bandarini aliketi na kipaza sauti mbele ya kompyuta ya rafiki yake, akawa anasimulia katuni za kigeni kwa Kiswahili juu kwa juu, na wahusika wote akawaigiza yeye. Msichana alimpa sauti nyembamba ya kuchekesha. Joka alimpa sauti yake mwenyewe, ile ya kukwaruza, akamfanya aongee kama mzee wa Newala aliyenyimwa togwa harusini. Kila akitaka kuruka joka yule alilalamikia kiuno. Sidii zenye sauti ya Lukasi zilikuwa bado ngeni mtaani, na Asia, aliyeapa kwamba kitu cha Rozalia hakitaingia kwake, hakujua kabisa kama zipo.

Siku ya kwanza Mariamu alilia, kijiji kilipozama. Siku ya pili alilia kidogo. Siku iliyofuata Rozalia alipopita, alikuta mtoto anakula uji na mama yake anakula muhogo bila kuangalia anachokula, macho yako kwenye kioo. "Una inayofuata?" Mariamu akauliza, na Rozalia akatamani aende kanisani akapige kengele. Baada ya hapo hakukuwa na kusimama. Deki ilikuwa inapoa wakati wa swala tu. Na alasiri moja, joka yule mkubwa aliyekausha mito kwa pumzi yake alipokutana na kuku akazimia, kicheko cha Mariamu kilitoka dirishani kikafika hadi dukani. Rozalia alikisikia akiwa anamhudumia mteja. Alisimama akavimba kichwa kama daktari aliyemwinua mgonjwa wake.

Bahati mbaya hakukisikia peke yake.

Asia aliingia dukani asubuhi iliyofuata. Hakuwahi kukanyaga kizingiti kile tangu kijengwe. Aliangalia makasha ukutani, akaufunga ushungi vizuri, halafu akasogea kaunta na uso wa mtu aliyebeba sahani ya biriani.

"Mama Goodluck, leo sikuja kwa ugomvi. Mumeo yuko wapi?"

"Bandarini. Kuna meli ya korosho."

"Bandarini!" Asia akacheka puani. "Basi bandari imehamia chumbani kwa wifi yangu."

Rozalia akamtazama bila kuelewa.

"Mimi nakuonea huruma, ndugu yangu, ingawa hunipendi. Nimesimama chini ya dirisha lile jana, nimesimama juzi. Sauti ya Lukasi, naijua, si kila siku anapita anakohoa hapo kwangu? Nimemsikia kwa masikio yangu haya: 'Njoo karibu, binti, panda mgongoni, usiniogope.' Na yule anacheka! Ntu na eda yake, kaka yangu udongo haujakauka, anachekeshwa na mume wa ntu!"

Rozalia alielewa yote kwa mara moja. Alijua mpaka sehemu yenyewe: ile ya korongo la upepo, msichana anaogopa kupanda. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni kikamfika kooni, na neno nalo lilikuwa pale pale ulimini, neno moja, fupi, jepesi: sidii. Angelitamka, Asia angeondoka na aibu yake ya watu wawili, na mambo yangeishia kaunta.

Lakini aibu ya watu wawili ni aibu gani? Rozalia aliuangalia uso ule uliokuwa unang'aa kwa furaha ya kumletea maumivu. Akakumbuka maneno ya bombani, watoto waliozuiwa, mate ya kila asubuhi. Mwanamke ambaye hakuwahi kumeza neno maishani mwake akalimeza hilo, tena likashuka kama asali.

Aliweka mikono kichwani. "Mama wee! Lukasi?"

"Lukasi."

"Lukasi wangu mimi?" Akajifuta macho makavu kwa pindo la kanga. "Lakini Mama, utasema peke yako, nani atakuamini? Watasema unataka nyumba. Mimi nakushauri, mlete mjomba wako. Walete na wazee wa msikitini wasikie wenyewe. Njooni baada ya alasiri, ndio saa zake."

Asia alimshika mkono. Miaka yote ile, mara ya kwanza kushikana, na alimshika kama dada yake. "Wewe ni ntu," akasema kwa sauti iliyolegea. "Nilikudhania vibaya."

Alipoondoka Rozalia aliegemea rafu akacheka mpaka kasha moja likaanguka. Ndipo kazi ilipoanza kumtaka akili. Je, kama saa hiyo Mariamu atakuwa amezima? Je, kama sauti itakuwa ndogo? Angeweza kwenda kumwambia mwenzake, "Funga mlango vizuri, jistiri, leo wanakuja wajinga hapa." Hatua chache tu. Lakini Mariamu alikuwa mwoga, angezima mara moja, na wazee wangekuta ukimya, na Asia angeponyoka. Rozalia akachukua sidii mbili zinazofuata, akaenda.

"Hizi usizipumzishe," alimwambia Mariamu mlangoni. "Ukimaliza tu hiyo, tia hizi. Na uongeze sauti, Mama Amina. Hapa joka anaingia vitani na kiuno chake. Sauti ikiwa ndogo huifaidi."

"Nani anamchokoza tena maskini?" Mariamu akauliza, na alikuwa anatabasamu.

Baada ya swala ya alasiri wakaja. Mzee Athumani mbele na fimbo, kanzu imenyooshwa, uso umefungwa. Wazee wawili wa msikitini nyuma yake, wanaoonekana wangependa kuwa mahali pengine. Asia pembeni, ametembea haraka hata pumzi zinamkata. Nyuma yao wanawake, na nyuma ya wanawake Rozalia, ameuma kanga ili asicheke. Habari ilikuwa imeshatembea, na watu waliokuwa na safari zao walizisahau.

Walisimama chini ya dirisha, na sauti ikatoka bila kuombwa, kubwa, ya kukwaruza, ya Lukasi wa bandarini kabisa. "Binti yangu, leo mimi sikuachi. Wakija hapa watatukuta wote wawili." Kikafuatia kicheko cha mwanamke. Wazee wa msikitini wakatazama chini. Mzee Athumani akauendea mlango. Hakubisha hodi. Alikuwa mtu wa kubisha hodi hata kwenye zizi la mbuzi, lakini siku hiyo aliusukuma mlango kwa bega, na komeo la mbao alilolichonga marehemu mpwa wake likang'oka na misumari yake.

Mariamu alikuwa kwenye mkeka, kanga moja imefungwa kifuani, nywele nusu zimefumuliwa nusu zimesukwa, mtoto amelala pajani mwake. Kipande cha muhogo kilikuwa mkononi na kinywa bado kiko wazi kwa kicheko. Kwa muda hakuelewa anachokiona. Halafu akapiga yowe, akavuta mkeka kujifunika, na mtoto akabingirika sakafuni akaanza kulia. Wazee wakageuka ukutani wakigongana. Na kwenye kioo cha televisheni joka mkubwa wa kijani alikuwa anajinyoosha mgongo, akisema kwa sauti ya Lukasi, "Jamani, kiuno! Nani kanitia mkosi leo?"

Hakukuwa na mtu mwingine. Asia aliinama akaangalia uvunguni. Alifungua kabati. Alikwenda uani akarudi.

Hapo Rozalia akaachia kanga. "Huyo hapo mume wangu!" alipaza sauti, kidole kwenye kioo. "Mkamateni! Mfungeni kamba, ana mabawa, ataruka! Asia, mshike mkia!"

Nje watu walivunjika mbavu. Mtu mmoja alikaa chini kabisa. Jina la Asia likaanza kutembea mdomo kwa mdomo na kila mdomo ukaliongezea mkia na magamba, naye akasimama katikati ya chumba uso umemshuka kama nguo iliyolowa. Rozalia aliuangalia uso ule. Alikuwa ameusubiri miaka, na ulikuwa mtamu kama alivyoutarajia, na angependa dunia isimame hapo hapo.

Dunia haikusimama. Mzee Athumani alikuwa bado ameelekea ukutani. Alikuwa amevunja mlango wa mjane. Alikuwa ameona nywele zake na mabega yake, yeye na wenzake, mchana kweupe, na watu wanacheka nje. Mtu mzima aliyepatwa na aibu mbele ya watu harudi nayo nyumbani. Anatafuta pa kuitua.

"Nke wa Jafari," akasema, hakugeuka. "Kicheko nilichokisikia dirishani, ni chako?"

Mariamu aliuvuta mkeka mpaka kidevuni. Mtoto alikuwa analia.

"Nakuuliza. Ni chako?"

"Ni changu, mjomba."

Asia akainua kichwa. Ungemwona ungejua kwamba damu imerudi mwilini. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Mwanamme hakuna, haya, nimekosea, Mungu anisamehe. Lakini kicheko je? Kaka yangu yuko chini, nkewe anakula na kucheka na mijoka! Hiyo ndiyo heshima?"

"Heshima gani unayoijua wewe!" Rozalia akaruka. Alikuwa bado amelewa ushindi, na sasa mdomo wake ulirudi kwenye tabia yake. "Huyu mwanamke hana hata nafasi ya kumwangalia mwanamume! Tangu asubuhi mpaka magharibi yuko kwenye kioo, wiki ya pili hii. Sehemu zaidi ya arobaini amemaliza, muulizeni! Hata chakula anakula hapo hapo. Mimi ndiye niliyempa, mimi ndiye ninayemletea, najua anachofanya saa zote!"

Alipomaliza alisikia kwamba watu nje wameacha kucheka. Wanawake walikuwa wanatazamana. Tangu asubuhi mpaka magharibi. Kila mmoja alikuwa anayarudia maneno yale moyoni, unawaona kabisa, na kila mmoja alikuwa anafikiria eda yake mwenyewe, alivyokaa gizani na tasbihi. Kwenye mkeka Mariamu alikuwa amejikunja akawa mdogo. Rozalia alitaka kuongeza kitu cha kurekebisha. Kwa mara ya pili siku hiyo hakuwa na neno, na safari hii hakulimeza kwa kutaka.

Mzee mmoja wa msikitini alikohoa. "Mzee mwenzangu, eda ina masharti yake, kutotoka, kutojipamba. Kucheka mimi sijakusoma mahali."

"Dini ni dini," Mzee Athumani akamjibu. "Mimi nilisema heshima. Nilisema mbele ya watu." Akatoka, fimbo ikigonga sakafu, na alipopita mlangoni hakuutazama mlango.

Wiki nzima Asia aliitwa Mama Joka. Watoto walipita mbele ya karai lake wakijishika viuno na kulalamika, na Rozalia alitoka nje kila mara kusikiliza. Halafu ukoo ukakaa. Ikaamuliwa kwamba eda ikiisha Mariamu arudi kwa mama yake Madimba na mtoto, apumzike, fungu lake litafikiriwa. Asia atahamia na wanawe kuilinda nyumba. Hakuna mtu Likombe asiyejua maana ya kufikiriwa. Asia aliacha kuinamisha kichwa, na watoto wakachoka na joka.

Rozalia alikwenda zilipobaki siku chache eda iishe. Alikuwa amepita pale mara nyingi akakuta mlango, uliopigwa mbao mbili za msalaba, umefungwa. Siku hiyo ulikuwa wazi. Mariamu alikuwa anafunga sufuria katika shuka, Amina amekaa juu ya ndoo. Kitambaa cheupe kilikuwa kimerudi juu ya televisheni.

"Mama Amina, nimekuletea sehemu za mwisho." Akatoa sidii chini ya kanga. "Chukua, ni zako. Utapata mahali pa kuangalia."

Mariamu hakunyoosha mkono. Aliendelea na fundo lake.

"Siku ile mchana ulikuja ukaniambia niongeze sauti."

Rozalia alibaki ameishika ile sidii.

"Asia alikuwa ameshafika kwako?"

Angeweza kusema hapana. Alikuwa hodari wa maneno, na Mariamu hakuwa na shahidi. "Alikuwa ameshafika," akasema.

"Na ulijua kwamba ni sidii."

"Nilijua."

Mariamu alivuta fundo mpaka likakaza, akaweka mzigo kando, akachukua mwingine. Hakupandisha sauti. Rozalia angetoa chochote apandishiwe sauti, maana ugomvi aliujua, angeujibu.

"Asia namfahamu," Mariamu akasema. "Tangu mazishini alitaka nyumba, na hajanificha. Wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka aaibike." Likitamkwa mle chumbani lilikuwa jambo dogo sana, na Rozalia alisikia udogo wake. "Mbele ya watu. Nilitaka aaibike tu, Mama Amina. Sikutaka jingine."

Mariamu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi ameaibika," akasema. "Jumamosi anahamia."